Mjerumani akikubali nyongeza ndogo, Mtaliano anaumia: mishahara ndani ya sarafu moja

Hesabu_za_Jioni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa Mei Mosi kuna mdau aliandika kwamba mshahara wa nchi nyingine haumhusu, kila mtu na ugali wake. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu kama treni ya mizigo, nikaona nilihamishie huku.

Kwa nchi yenye sarafu yake, mdau hajakosea sana. Mishahara ikipanda kuliko tija (kile mfanyakazi anachozalisha), bidhaa zinakuwa ghali, wanunuzi wa nje wanapungua, sarafu inashuka thamani, na baada ya maumivu bidhaa zinaanza tena kushindana. Italia iliishi hivyo miaka mingi. Septemba 1992 lira ilishindwa kuhimili mfumo wa Ulaya wa viwango vya kubadilishia fedha, ikajitoa, ikaporomoka, na viwanda vya kaskazini mwa Italia vikapumua.

Tarehe 1 Januari 1999 mlango huo ulifungwa. Marki ya Ujerumani ikafungwa kwa 1.95583 kwa euro moja. Lira, peseta na faranga ya Ufaransa zikafungwa siku hiyo hiyo, na Ugiriki ikaingia 2001. Tangu hapo, ukitaka kujua bidhaa za nani ni nafuu kuliko za jirani yake, huulizi tena bei ya sarafu. Unauliza mishahara imepanda kiasi gani ukilinganisha na kile mfanyakazi anachozalisha.

Hoja yangu ni hii, na niko tayari kubishiwa: ndani ya euro, mkataba wa hali bora wanaousaini mafundi wa vyuma wa Ujerumani ndio uliochukua kazi ya kupandisha na kushusha sarafu. Wakijibana, ni kama Ujerumani imeshusha thamani ya sarafu yake dhidi ya majirani. Hakuna anayetangaza, na jirani hana la kujibu ila kujibana zaidi.

Kwa wasioujua mfumo wa kule: serikali haipangi mishahara ya sekta binafsi. Ibara ya 9 ya katiba yao ya 1949 inawaachia vyama vya wafanyakazi na waajiri. Chama cha IG Metall kinakaa na waajiri wa sekta nzima ya vyuma, magari na umeme, jimbo kwa jimbo. Jimbo moja, mara nyingi Baden-Württemberg, linatangulia kusaini, mengine yanafuata karibu neno kwa neno, na sekta nyingine zinapiga jicho pale kabla ya kudai zao. Kima cha chini cha kitaifa hawakuwa nacho kabisa mpaka 2015, kilipoanza kwa euro 8.50 kwa saa.

Sasa rudi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukosefu wa ajira umepanda mpaka watu zaidi ya milioni 5 mwanzoni mwa 2005. Mwaka 2004 Poland, Cheki na Hungaria zimeingia Umoja wa Ulaya, mishahara yao ni sehemu ndogo tu ya ile ya Ujerumani, na kila mwajiri ana ramani ukutani. Mwaka 2003 IG Metall waligoma mashariki mwa nchi wakidai saa 35 kwa wiki, wakashindwa, wakarudi kazini mikono mitupu. Mwaka uliofuata wakasaini makubaliano ya Pforzheim, yanayoruhusu kampuni moja moja kulipa chini ya mkataba wa sekta ikiwa ajira zitalindwa. Mwaka huo huo Siemens, ikitishia kuhamia Hungaria, ilipata saa 40 badala ya 35 bila nyongeza kwenye viwanda vyake vya simu huko Bocholt na Kamp-Lintfort. (Biashara hiyo ya simu ilikuja kuhamishiwa kampuni ya BenQ ya Taiwan, na 2006 ikafilisika. Saa tano walizitoa, na kazi zikaondoka vilevile.)

Matokeo: kati ya 2000 na 2007 gharama ya kazi kwa kila bidhaa Ujerumani karibu haikusogea. Uhispania na Ugiriki ilipanda kwa robo hivi, au zaidi. Uwanja ni wenu.

Chai_Rangi

Nimekaa kiti cha mbele.

Bodaboda_Msomi

Mkuu, umeandika vizuri ila mimi euro sijawahi kuishika. Nipe mfano wa kitu ninachokijua.

Hesabu_za_Jioni

Haya. Chukua karakana mbili za milango ya mninga, tuziite ya Ali na ya Beka. Zote zinauza sarafu moja, soko moja. Mwaka wa kwanza gharama ya ufundi kwa mlango mmoja ni 100 kwa kila mmoja.

Benki kuu yao imesema bei zipande kwa 2% kwa mwaka. Beka amezidisha kidogo: kwake gharama inapanda 2.5% kwa mwaka. Ali amewabana mafundi, kwake inapanda 0.5% tu. Baada ya miaka tisa kwa Ali ni 104.6, kwa Beka ni 124.9. Tofauti ni 19%. Mteja anahamia kwa Ali.

Sasa ukiuliza mtaani nani ana kosa, wote watamnyooshea kidole Beka, eti ameendekeza mafundi. Lakini piga hesabu ya 2% ile ya benki kuu: baada ya miaka tisa ilitakiwa iwe 119.5. Beka amepitiliza kwa 4.5% hivi. Ali yuko chini kwa zaidi ya 12%. Aliyeivunja kanuni zaidi ni Ali, na ndiye anayesifiwa kwa nidhamu.

Huu ni mfano wangu, namba nimezichagua zinyooke. Ila kule Ulaya kuna nchi iliyokaa karibu kabisa na ile 2% miaka yote hiyo: Ufaransa. Haikuzidisha, haikujibana, na bado ilipoteza soko kwa Ujerumani. Machi 2010 Christine Lagarde, wakati huo waziri wa uchumi na fedha wa Ufaransa, alilisema hadharani kwenye gazeti la Financial Times, kwamba ziada ya Ujerumani imejengwa kwa kubana gharama za kazi na majirani hawataweza kuihimili. Berlin hawakufurahi.

Bodaboda_Msomi

Milango nimeielewa. Ali mjanja.

Kipanga_wa_Soko

Mleta uzi unawabembeleza Wagiriki. Wale walikopa wakala bata, wakaficha mahesabu ya serikali, kikombe kikajaa kikamwagika. Mshahara wa fundi wa Stuttgart unaingiaje kwenye deni la Athens? Tena Ugiriki haitengenezi mashine za kushindana na Mjerumani. Inauza zeituni, meli na jua.

Hesabu_za_Jioni

Kipanga, la mahesabu kufichwa sibishi. Na la mashine umenibana kidogo, nakubali. Anayegongana na Mjerumani uso kwa uso ni Mtaliano na Mfaransa, kwenye magari, mashine, vyombo vya nyumbani. Mgiriki aliumia kwa njia nyingine.

Mjerumani asiyepandishiwa mshahara hanunui. Halewi divai ya Ureno, haendi kisiwani likizo mara mbili, habadilishi fanicha. Lakini kiwanda chake kinauza nje na kupata faida, faida inaenda benki, na benki haiwezi kuilalia. Ikakopeshwa wapi? Kusini. Mwaka 2007 Ujerumani ilikuwa na ziada ya karibu 7% ya pato la taifa kwenye malipo yake na nje, Uhispania nakisi ya karibu 10%. Mwaka 2008 nakisi ya Ugiriki ilikaribia 15%. Ziada ya mmoja ndiyo deni la mwenzake.

Halafu weka riba. Benki Kuu ya Ulaya ina riba moja kwa wote. Kuanzia Juni 2003 mpaka Desemba 2005 ilikuwa 2%. Kwa Ujerumani, bei zimelala, hiyo ilikuwa riba ya kubana. Kwa Uhispania, bei zinapanda zaidi ya 3%, ukikopa kwa riba inayokaribia ile 2% ni kama unalipwa ili ukope. Wakajenga nyumba mpaka zikabaki hazina watu.

Mchumi_Mstaafu

Vijana, ngoja mzee aingie. Nyote mna nusu nusu.

Mpangilio wa chanzo na matokeo hauko wazi kama Hesabu anavyouweka. Inawezekana fedha rahisi ndizo zilizotangulia: riba ilishuka ghafla kusini baada ya kuingia euro, watu wakakopa, ujenzi ukashamiri, na hapo ndipo mishahara ikapanda. Yaani mishahara ya kusini ilikuwa moshi, moto ni mikopo. Pia mauzo ya Ujerumani yalikua kwa sababu China ilitaka mashine zile zile anazozitengeneza Mjerumani, na anayenunua mashine ya aina hiyo haangalii senti mbili za mshahara.

Lakini ukija kwenye tiba, hapo Hesabu ana haki kabisa. Tiba yote ilipelekwa upande mmoja. Februari 2012 kima cha chini cha Ugiriki kilishushwa kutoka euro 751 kwa mwezi mpaka 586, na kwa wenye umri chini ya miaka 25 mpaka 511. Kwa sheria, siyo kwa majadiliano. Mikataba ya sekta ikavunjwa nguvu. Uhispania nako mwaka huo huo wakabadilisha sheria ya kazi ili mkataba wa kampuni uushinde wa sekta. Mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita 27% Ugiriki na kufika 26% hivi Uhispania.

Kushusha sarafu kunapunguza mishahara ya wote siku moja, na deni lililo kwenye sarafu yako linapungua nao. Kushusha mshahara mmoja mmoja ni kazi ya miaka, na deni linabaki pale pale linakutazama.

Mtanga_wa_Neckar

Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, sasa niseme kitu kama mhusika. Mimi ni huyo fundi mnayemsema. Niko Baden-Württemberg, kiwanda cha vipuri vya magari, jina sikitaji, kadi ya IG Metall ninayo na kila mwezi 1% ya mshahara wangu ghafi inaenda chamani.

Mnasema Mjerumani "alijibana" kama vile tulikaa tukapanga kumkomoa Mgiriki. Mwaka 2005 tuliitwa ukumbini, mwenyekiti wa baraza la wafanyakazi akasimama na karatasi moja. Upande wa kushoto: saa tatu zaidi kwa wiki bila malipo, bonasi ya Krismasi nusu, ajira zinalindwa miaka minne. Upande wa kulia: kitengo cha kupaka rangi kinahamia Slovakia. Hakuna aliyesema neno Ugiriki. Hakuna aliyesema euro. Jirani yangu mezani, Mturuki, mtu wa utani siku zote, siku hiyo alikuwa anakunja ile karatasi na kuikunjua mpaka ikachanika. Tukapiga kura ya kukubali. Miaka ile nilikuwa nalipwa vizuri kuliko ndugu zangu wote na bado kila mwaka kodi ya nyumba ilinila zaidi.

Kwa hiyo huyo Ali wa milango ana faida, sawa. Mafundi wake je? Hawakuionja.

Hesabu_za_Jioni

Kaka, asante sana. Umeusahihisha uzi, na ile "Mjerumani alijibana" naifuta. Alibanwa.

Tena vyama vyenyewe viliuona mtego mapema. Mwaka 1998, kabla hata euro haijaanza, vyama vya Ujerumani, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg vilikutana mji wa Doorn, Uholanzi, vikakubaliana kila mmoja adai nyongeza isiyopungua mfumuko wa bei pamoja na ongezeko la tija, ili wasinyang'anyane kazi kwa kuuzana bei rahisi. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni safi. Ila kanuni ya Doorn haikuwa na mtu wa kuisimamia siku karatasi ya Slovakia ikiwa mezani.

Dada_Mhasibu_Brussels

Mmenikumbusha kazini kwangu. Mimi ni mhasibu wa mishahara hapa Ubelgiji, na nadhani kwetu ndiko jambo hili limeandikwa waziwazi kuliko popote.

Kuna mambo mawili yanayovutana. Kwanza, mishahara ya Ubelgiji inapanda yenyewe kufuata bei. Wafanyakazi wengi wa ofisini wako chini ya kamati iitwayo 200, na wao hupandishwa kila Januari. Januari 2023, baada ya bei za gesi kulipuka, niliingiza kwenye mfumo 11.08%. Nilirudia kusoma ile namba mara tatu kabla ya kubonyeza. Mkurugenzi alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akaangalia skrini, akaondoka bila kusema kitu.

Pili, kuna sheria ya 1996, waliyoitunga wakijiandaa na euro. Kila baada ya miaka miwili baraza la uchumi linapiga hesabu: gharama za kazi za Ubelgiji zimekwenda mbali kiasi gani ukilinganisha na Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi? Jibu linaweka dari ya nyongeza juu ya ile ya bei. Kwa 2021 na 2022 dari ilikuwa 0.4%. Kwa 2023 na 2024 ilikuwa 0. Sifuri kabisa. Vyama viligoma nchi nzima tarehe 9 Novemba 2022, dari haikusogea.

Kwa hiyo kaka Mtanga, ule mkono mlioupandisha ukumbini 2005 ulifika mpaka kwenye karatasi za mishahara za huku. Kwenu ilikuwa kura. Kwetu ni sheria.

Chai_Rangi

Dada umemaliza. Nimeagiza chapati.

Kipanga_wa_Soko

Hii ya Ubelgiji sikuijua. Nimepunguza ubishi kwa 0.4%.

Mchumi_Mstaafu

Binti yangu, umeeleza vizuri. Mmeshasema njia mbili za mshahara wa Mjerumani kumfikia jirani, ushindani na mikopo. Niongeze ya tatu ambayo haijasemwa, maana uzi wote umesimama kwenye mishahara midogo. Ikipanda je?

Novemba 2022, hapo Ludwigsburg kwenye jimbo la Mtanga, IG Metall walipata 8.5% kwa awamu mbili, 5.2% Juni 2023 na 3.3% Mei 2024, pamoja na euro 3,000 za kufidia ugumu wa maisha. Kima cha chini cha nchi nzima kilikuwa kimepanda mpaka euro 12 kwa saa Oktoba ile. Majirani wangepaswa kushangilia, kwa mantiki ya Hesabu. Na kwa upande wa ushindani ni kweli walipumua.

Ila Frankfurt walikuwa wanatazama. Benki Kuu ya Ulaya ina kipimo chake cha mishahara iliyojadiliwa, na Ujerumani ndiyo inayobeba uzito mkubwa ndani yake. Robo ya tatu ya 2024 kipimo kilionyesha 5.4%, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya Ujerumani. Riba ya amana, ile benki kuu inayozilipa benki zinazoweka fedha kwake, ilikuwa imepandishwa mpaka 4% Septemba 2023 na haikuanza kushuka mpaka Juni 2024, na mishahara ilitajwa tena na tena. Ureno wengi wana mikopo ya nyumba ya riba inayobadilika. Mama wa Porto mwenye mkopo wa nyumba hajui Ludwigsburg iko wapi, lakini rejesho lake la mwezi linaijua.

Hesabu_za_Jioni

Mzee, hiyo ya riba nilikuwa nimeisahau kabisa, na ni nzito. Ila hata Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani, wenyewe walishageuka. Mwaka 2014 bei za ukanda mzima zilipokaribia kusimama, Jens Weidmann, aliyekuwa gavana, alisema nyongeza ya kama 3% Ujerumani ni ya kawaida. Gavana wa Bundesbank anawaambia mafundi waombe zaidi! Wakati huo Ugiriki walishakatwa.

Nairobi_Eastlando

Watu wangu, mimi nauliza swali la huku nyumbani. Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013. Ilikuwa tuwe nayo 2024, sasa wanasema 2031. Hii maneno ya mishahara iko kwenye itifaki?

Hesabu_za_Jioni

Vigezo vikuu vya nchi kuingia kwenye sarafu hiyo ni vinne: mfumuko wa bei usipite 8%, nakisi ya bajeti isipite 3% ya pato, deni la umma lisipite 50%, na akiba ya fedha za kigeni ya kutosha miezi minne na nusu ya manunuzi ya nje. Mshahara haumo, tija haimo. Wazungu walipoweka vigezo vyao vya Maastricht, vya kuingia kwenye euro, nao hawakuuweka mshahara. Walihesabu madeni ya serikali kwa kalamu nyekundu, gharama za kazi wakaziacha zijiendee.

Wazee watakumbuka tuliwahi kutumia shilingi moja, ya Afrika Mashariki, mpaka benki kuu zetu zilipoanza 1966.

Mchumi_Mstaafu

Tahadhari lakini, usikopi moja kwa moja. Kwetu wengi hawana mkataba wowote wa kujadili, wanajiajiri au wanalima. Hakuna chama kinachoweza kusaini Dodoma na viwanda vya Thika vikafuata. Kwetu kinachoweza kufanya kazi hiyo ni mishahara ya serikali na bei ya unga. Mvua ikikataa nchi moja na ikanyesha nyingine, bei zitaachana kabla ya mishahara, na shilingi ya kushusha haitakuwepo.

Nairobi_Eastlando

Unga hapo umesema ukweli mzee.

Kila_Mtu_na_Ugali_Wake

Ni mimi wa uzi wa Mei Mosi, mpaka jina nimebadilisha. Nimesoma mwanzo mwisho. Sijakubali yote, bado naona mtu anayekopa ajilaumu mwenyewe. Swali langu kwa Mtanga: sasa hivi mnalipwaje? Mnajibana tena?

Mtanga_wa_Neckar

Safari hii tulidai 7%. Mkataba wa zamani ulifungia migomo mpaka usiku wa tarehe 28 Oktoba 2024. Saa sita na dakika moja tukazima mashine, zamu ya usiku yote ikatoka nje. Baridi, vizibao vyekundu, filimbi, chupa za chai, na pipa la moto getini. Mimi nilikuwa na tangawizi yangu, nikawagawia Waserbia. Tarehe 12 Novemba wakasaini Hamburg: 2% Aprili 2025, 3.1% Aprili 2026, na euro 600 za mkupuo. Miezi 25 yote. Mwenyewe piga hesabu na bei za dukani.

Na hali si nzuri. Magari ya China yameingia, na wiki iliyopita tumeitwa tena ukumbini. Safari hii karatasi ina Romania upande wa kulia.

Dada_Mhasibu_Brussels

Kaka, mkataba wenu unaisha lini?

Mtanga_wa_Neckar

Mwisho wa Oktoba 2026. Kwa nini?

Dada_Mhasibu_Brussels

Dari yetu inayofuata inapangwa miezi hiyo hiyo. Nitakutafuta hapa hapa.